Usalama wa Wazee Katika Makao ya Kulelea

Nchini England, makao ya wazee hukaguliwa na Care Quality Commission, chombo kilichoanza kazi mwaka 2009. Wakaguzi hutazama mambo matano: usalama, ubora wa matunzo, utu wa wahudumu, namna mahitaji ya kila mzee yanavyotimizwa, na uongozi. Kisha makao hupewa daraja moja kati ya manne, nalo lazima libandikwe mahali ambapo wageni wataliona.

Hatari nyingi hutokana na mambo ya kila siku. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda vya mgandamizo: uzito wa mwili hubana ngozi juu ya mfupa, hasa nyongani, kwenye makalio na visiginoni, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Dalili ya mwanzo ni wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, hivyo mhudumu hupapasa akitafuta joto au ugumu. Kinga ya vidonda hivi ni kumgeuza mzee mara kwa mara, godoro linalofaa, lishe nzuri na ngozi kavu. Hayo yote yanataka wahudumu wa kutosha hata usiku wa manane; ubahili wa mwenye makao hapo hulipwa kwa maumivu ya mzee.

Kuanguka nako huchangiwa na dawa, hasa za usingizi na za kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo dawa za kila mzee zinapaswa kupitiwa upya mara kwa mara. Kumfunga kitini si dawa: misuli hulegea, na hatari huongezeka.