Ngoma ya isukuti si ya sherehe tu, ubongo nao unaihitaji

Isukuti ikianza kulia pale Shinyalu, mguu wako haungoji ruhusa. Umekaa zako kando unaperuzi simu, mara unashtukia kisigino kinagonga chini kufuata ngoma. Hukupanga, wala hakuna aliyekuamuru. Mguu umeenda wenyewe.

Jambo hilo dogo limewashughulisha madaktari na wanasaikolojia kwa miaka mingi. Kama mdundo unaweza kuusogeza mguu wa mtu mzima wa afya bila yeye kufikiri, je, unaweza kumsaidia yule ambaye ubongo wake umeumia? Utafiti unasema ndiyo, ingawa kwa mipaka yake.

Usidhani hii ni habari ya wazee pekee. Huenda mtaani kwenu kuna mzee aliyepigwa na kiharusi akapooza upande mmoja. Au una beste aliyeanguka na bodaboda bila helmeti, akatoka hospitalini akiwa hai, lakini si yule mliyemzoea. Anasahau. Anakasirika haraka. Ukimtuma vitu viwili dukani, analeta kimoja. Watu wanasema ati amekuwa mkaidi, kumbe ni ubongo unaotafuta njia mpya ya kufanya kazi yake ya zamani.

Njia mpya. Hapo ndipo muziki unapoingia.

Ubongo hauna chumba kimoja cha muziki. Ukisikiliza wimbo, sehemu za kusikia zinafanya kazi, za kumbukumbu pia, za hisia, na hata zile zinazoongoza mwendo wa viungo, ijapokuwa umekaa tuli. Kwa hivyo njia moja ikikatika, wimbo unaweza kupitia nyingine. Ni kama barabara ya Kakamega kwenda Kisumu ikifungwa pale Khayega: dereva mjanja hugeuza, akapitia vichochoro.

Chukua mfano wa kutembea. Mwaka 1996, Michael Thaut na wenzake huko Colorado, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaofanya hatua ziwe fupi na mwili mgumu. Wagonjwa walifanya mazoezi ya kutembea nyumbani kwa wiki 3 wakifuata muziki wenye mdundo uliotiliwa mkazo. Kasi yao ya kutembea iliongezeka kwa asilimia 25 hivi. Baadaye mbinu hiyo ilijaribiwa pia kwa waliopata kiharusi. Sikio linapojua pigo lijalo litatua lini, mguu unajua utue lini.

Kuna na suala la kusema. Tangu 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alipoonyesha kwamba jeraha upande wa kushoto wa ubongo linaweza kumnyang'anya mtu usemi, matabibu wamekuwa wakikutana na kitu cha ajabu: mgonjwa anashindwa kuomba maji, lakini ukianzisha wimbo anaoujua tangu utotoni, anauimba pamoja na maneno yake. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Boston waligeuza ajabu hiyo kuwa tiba. Mtaalamu huimba sentensi fupi ya kila siku, kwa mfano "nataka chai", huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigonga meza kwa kila silabi. Mgonjwa anaimba naye, kisha anaitikia peke yake. Polepole wimbo unapunguzwa hadi yabaki maneno ya kawaida. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 2011, alisaidiwa na tiba ya muziki katika safari yake ya kurudisha usemi.

Sasa tuje kwenye kufikiri na kukumbuka, maana hapo ndipo wengi huumia bila kuonekana. Nchini Finland, Teppo Särkämö na wenzake waliwafuata wagonjwa 60 waliokuwa wametoka kupata kiharusi. Kundi moja lilisikiliza muziki walioupenda wenyewe kwa angalau saa 1 kila siku kwa miezi 2. Kundi la pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti. La tatu halikupewa cha kusikiliza. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miezi 3, kumbukumbu ya maneno ya waliosikiliza muziki ilikuwa imeimarika kwa asilimia 60. Wa vitabu walipata 18, na kundi la tatu 29. Waliosikiliza muziki pia hawakulemewa na huzuni sana.

Utafiti mwingine wa Finland, wa mwaka 2020, unamgusa moja kwa moja yule beste wa bodaboda. Watu 40 waliokuwa wameumia vichwa vibaya walipewa vipindi 20 vya tiba ya muziki ndani ya miezi 3. Hawakuketi tu kusikiliza. Walipiga ngoma, wakajifunza piano. Uwezo wao wa kuacha jambo moja na kuhamia jingine bila kuchanganyikiwa uliimarika, na picha za ubongo zikaonyesha mabadiliko katika sehemu ya mbele, ile ya kupanga na kujidhibiti.

Soma tena: walipiga ngoma. Sasa rudi Shinyalu uangalie kilichoko. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Mwimbaji mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, hatua zinafuata pigo. Mpigaji lazima ashike mdundo wake huku akisikiliza wa mwenzake, na mkono wa kulia usiige kazi ya kushoto. Yaani umakini, kumbukumbu, mikono na miguu, vyote kwa wakati mmoja. Isukuti haikutungwa kama tiba, na tafiti hizi hazikufanywa kwa isukuti. Lakini viungo vyake, mdundo ulio thabiti na wimbo wa kuitikiana, ndivyo vilevile wataalamu wanavyotumia.

Tatizo ni kwamba ngoma yenyewe inahitaji daktari. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu? Wanaoijua vizuri wamezeeka, warithi ni haba, na vijana wanapenda muziki mwingine. Ukweli mchungu, lakini ndio huo.

Na kwa mgonjwa, muziki anaoupenda na kuujua mwenyewe ndio wa kuanzia. Mzee aliyeoa kwa isukuti, akazika wazazi wake kwa isukuti, na kusindikiza fahali uwanjani kwa isukuti, hutamwamsha kumbukumbu kwa gengetone. Vilevile beste wako wa miaka 20 huenda gengetone ndiyo itakayomfaa. Muulize. Usimchagulie.

Ufanye nini basi, wewe usiye daktari?

Kwanza, usichanganye mambo. Uso ukipinda ghafla, mkono mmoja ukalegea au maneno yakaanza kutoka ovyo, hiyo si saa ya kuimba. Mpeleke hospitali mara moja, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake wa kufanya kazi, na muda huo ni saa chache tu. Muziki huja baadaye, kando ya dawa na mazoezi ya viungo. Hauji mahali pao.

Pili, akisharudi nyumbani, muulize mtaalamu wa viungo kama anaweza kutembea kwa mdundo. Akikubali, hesabu hatua anazopiga kwa dakika moja akienda kwa starehe yake, kisha piga ngoma au gonga debe kwa kasi hiyohiyo. Kasi ikitaka kuongezwa, iongezwe kidogo na kwa ushauri. Chagua mahali tambarare, na mtu asimame upande wake dhaifu. Akichoka au akisikia kizunguzungu, acheni.

Tatu, saa moja ya nyimbo anazozipenda kila siku haina gharama kubwa. Kaa naye. Mwache aitikie. Akikosa neno, usimcheke wala usimkimbilie kulimaliza. Ila akiwa amewahi kushikwa na kifafa baada ya ajali, au kelele zinamsumbua, ongea na daktari kwanza.

Nne, kama una mkono wa ngoma, jua kwamba kuna kazi ndani yake. Chuo cha KMTC hufundisha tiba ya viungo na tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku. Saikolojia nayo inasomwa katika vyuo vikuu vyetu. Mtaalamu anayejua ubongo na pia anajua kuishika isukuti ataweza kumfanyia mzee wa Shinyalu kitu ambacho mtaalamu wa Boston hawezi.

Lakini shahada inaweza kusubiri miaka minne. Mzee anayejua kupiga ngoma zote tatu hawezi kusubiri hivyo. Mtafute likizo hii, umwombe akufundishe.