Kituo kizuri cha paka ndicho kinachokuhoji

WENGI wanaofuga paka humu nchini hawakuwahi kumchagua. Paka alijileta mwenyewe jikoni siku moja, akatupiwa kichwa cha samaki, na kufikia mwisho wa wiki akawa mwenyeji. Wengine walimpokea kutoka kwa jirani ambaye paka wake alikuwa amezaa watoto watano asijue awapeleke wapi.

Njia hiyo humfaa anayehitaji tu mnyama wa kuwatisha panya. Kwa familia yenye watoto wadogo, inayotaka paka wa kulala sebuleni na kushikwashikwa, njia hiyo ni bahati nasibu. Paka ambaye hakuzoeshwa watu mapema huenda akamkwaruza mtoto usoni. Ambaye hakuchanjwa anaweza kuleta maradhi. Na jike ambaye hakufungwa kizazi atakuachia watoto kabla ya mwaka kwisha.

Wahenga walinena kuwa paka wa nyumba haingwi. Akishaingia, kumtoa ni kazi na pia ni ukatili. Ndiposa uamuzi wa busara ni ule unaofanywa kabla hajavuka kizingiti.

Njia mojawapo ya kupata paka anayejulikana ni kumchukua kutoka katika kituo cha kuwaokoa wanyama. Mjini Nairobi, kwa mfano, shirika la KSPCA lina makao yake mtaani Karen, ambako wanyama waliotelekezwa au kuteswa hutunzwa na kutafutiwa wenyewe wapya. Wapo pia watu binafsi wanaowaokota paka na kuwalea manyumbani mwao. Baadhi yao hufanya kazi ya kusifika. Wengine wana huruma tele lakini wamelemewa na idadi ya wanyama. Na hawakosi walaghai wanaotumia picha za paka wazuri kuwavutia wasiojua. Je, utawatofautisha vipi?

Maswali mengi si dharau

Dalili ya kwanza ni maswali. Kituo kinachojali kitataka kujua iwapo nyumba ni yako au ya kupanga, na kama mwenye nyumba anaruhusu wanyama. Kitauliza umri wa watoto wako, kama una mbwa, unaishi ghorofa ya ngapi, na nani atakayemlisha paka mnaposafiri mashambani wakati wa Krismasi. Huenda hata kikataka kuiona nyumba yenyewe.

Watu wengine huudhika wakihojiwa hivi, kana kwamba wanashukiwa kuwa wezi. Ukweli ni kwamba maswali hayo yanakulinda wewe pia. Anayeuliza sana anatafuta paka atakayeelewana na nyumba yako. Anayekukabidhi mnyama langoni bila kuuliza lolote anataka tu kupunguza mzigo wake, nao mzigo huo sasa umekuwa wako.

Kwa hivyo, muulize nawe. Paka huyu alitoka wapi? Amekaa hapa kwa muda gani? Amewahi kuishi na watoto? Kituo kizuri hakitaona haya kukwambia kwamba fulani ni mwoga, au kwamba yule mwingine hapendi kubebwa. Ukiambiwa kwamba paka wote waliopo ni wapole, jihadhari.

Kadi ya chanjo na upasuaji

Dalili ya pili ni stakabadhi. Omba kuona kadi ya chanjo iliyotiwa sahihi na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, wala usiridhike kwa maneno matupu. Chanjo dhidi ya maradhi makuu ya paka, yakiwemo mafua yao na ule ugonjwa wa kuharisha unaowaua wachanga kwa haraka, huanza wakiwa na umri wa wiki sita hadi nane. Hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Kadi ionyeshe vilevile lini alipewa dawa ya minyoo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu hivi. Jina la ugonjwa huu huwahadaa wengi wakadhani paka haumpati. Unampata, naye anaweza kumwambukiza binadamu kwa kumng’ata. Ni kweli kwamba visa vingi mno vya binadamu hutokana na mbwa, lakini dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Mtoto aking’atwa na paka asiyejulikana, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umkimbize hospitalini siku iyo hiyo.

Dalili ya tatu ni upasuaji wa kuzuia uzazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne hivi, na hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu. Dume asiyehasiwa hutangatanga, hupigana usiku na kunyunyizia mkojo wenye uvundo ukutani. Kituo makini huwapasua paka kabla ya kuwatoa, au hukutaka uahidi kwa maandishi kwamba utamrejesha afanyiwe upasuaji akifikia umri.

Tumia macho na pua

Usikubali kukabidhiwa paka kando ya barabara. Nenda kituoni. Harufu kidogo haikosi panapoishi wanyama wengi, lakini uvundo unaokutoa machozi ni ishara ya uchafu na msongamano. Tazama iwapo kuna maji safi na iwapo wagonjwa wametengwa. Macho ya paka yawe maangavu, pua isitoe kamasi, na ndani ya masikio pasiwe na uchafu mweusi, ambao mara nyingi ni dalili ya utitiri.

Usishangae ukitozwa ada, kwani chanjo na upasuaji hugharimu pesa. La kutilia shaka ni mtu anayekutaka utume pesa kwa simu kabla hujamwona mnyama. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Yupi atakayewafaa watoto?

Watoto watamlilia paka mdogo kabisa. Hata hivyo, tabia ya paka hujengwa mapema: wiki ya pili hadi ya saba ya maisha yake ndipo hasa anapojifunza kutowaogopa watu. Asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Penye mtoto wa miaka miwili au mitatu, aghalabu afadhali paka aliyekomaa ambaye upole wake umeshaonekana, kuliko mchanga ambaye tabia yake bado haijulikani na mifupa yake ni dhaifu.

Nenda na watoto, kisha keti chini ungoje. Paka anayefaa husogea mwenyewe, hunusa mkono, na hushtuka kidogo tu kelele ikitokea kisha akatulia. Anayejikunyata pembeni huku masikio ameyalaza si mbaya, ila anahitaji nyumba tulivu. Rangi nayo isikushughulishe. Paka weusi huogopwa kwa sababu ya imani za uchawi, ilhali rangi ya manyoya haisemi lolote kuhusu moyo wa mnyama.

Jambo la mwisho la kuuliza ni hili: ikishindikana, mtampokea tena? Kituo cha kuaminika hujibu ndiyo, na mara nyingi hulitia sharti hilo katika mkataba. Kumtupa sokoni si suluhu. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamhesabu kuwa mkosaji mwenye mnyama anayemtelekeza bila sababu ya maana katika hali itakayomtesa.

Akifika nyumbani, mpe chumba kimoja kwanza, pamoja na maji, chakula na beseni la mchanga. Ugali na maziwa pekee havimtoshi, kwani mwili wake hauwezi kuishi bila nyama au samaki. Kinyesi chake kizolewe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma vilivyomo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, lakini hana haja ya kumfukuza paka.

Paka anayetunzwa vyema ndani ya nyumba huweza kuishi miaka 15 na zaidi. Mtoto anayemchagua leo akiwa darasa la kwanza huenda akamwacha nyumbani siku ya kwenda chuo kikuu. Kwa safari ndefu kiasi hicho, nusu saa ya kuhojiwa kituoni si usumbufu.