Msuke mwanao nyumbani bila kumdhuru

Ikifika Jumapili jioni, watoto wengi wa kike mitaani huketi kati ya magoti ya mama zao, au kwenye kigoda cha msusi, wasukwe tayari kwa shule. Mtoto akilia kwamba anaumia, huambiwa anyamaze. Si wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike?

Methali hiyo haifai kutumiwa kwa kichwa cha mtoto. Maumivu wakati wa kusukwa ni ishara kwamba mashina ya nywele yanavutwa kupita kiasi. Yakivutwa hivyo mara kwa mara, nywele za ukingo wa kipaji na za juu ya masikio huanza kupungua, na mwishowe upara huonekana. Madaktari wameujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Mnamo 1907 ulielezwa miongoni mwa wanawake wa Greenland ambao walifunga nywele zao kwa kuzivuta sana. Kwa hivyo kiini chake ni kule kuvutwa, wala si aina ya nywele alizo nazo mtu.

Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema na kuvuta kukomeshwa, nywele huota tena. Ukiendelea kwa miaka, mashina hufa na kuacha kovu, na hapo hakuna mafuta ya dukani yatakayozirudisha.

Njia moja ya kumkinga mwanao ni kujifunza kumsuka wewe mwenyewe. Si kazi ngumu, ila inataka subira.

Matayarisho

Osha nywele kwa shampuu na uziache zikauke vizuri. Nywele zilizolowa hunyumbuka na kukatika upesi zikivutwa. Zipake mafuta kidogo, kisha uzichane kwa kitana chenye meno mapana. Anzia nchani ukielekea kwenye shina, wala si kinyume chake. Penye fundo, shika nywele kwa juu kwa mkono mmoja ili ngozi isivutwe.

Kagua ngozi ya kichwa kabla ya kuanza. Ukiona vidonda, usaha au mabaka yaliyonyonyoka nywele, usisuke.

Keti kwenye kiti penye mwanga wa kutosha, mtoto akae chini kwenye mkeka au kigoda. Usimsuke kwa zaidi ya saa moja bila kumpumzisha, kwani atachoka shingo nawe utachoka mgongo.

Somo la kwanza: mafungu matatu

Usianzie kichwani mwa mtoto. Funga nyuzi tatu nene za sufu, kila moja kwa rangi yake, kwenye mgongo wa kiti. Pitisha uzi wa kulia chini ya ule wa kati. Sasa huo ndio wa kati. Kisha pitisha wa kushoto chini ya huo wa kati. Endelea hivyo, kulia na kushoto, mpaka vidole vizoee na macho yasihitajike.

Baadaye hamia kwa mtoto. Gawanya nywele katika mafungu manne au sita makubwa na uyasuke moja moja. Mtoto anaweza kwenda shuleni hivyo, na hakuna atakayejua kwamba wewe ni mwanagenzi.

Somo la pili: matuta

Mtindo rahisi ni ule wa matuta machache yanayotoka kwenye kipaji hadi kisogoni, ambao wengi huuita twende kilioni. Pasua njia iliyonyooka kwa mkia wa kitana, na ubane nywele za pembeni zisikuingilie. Chukua nywele kidogo mbele, uzigawe mara tatu, na uanze kama ulivyofanya kwa nyuzi. Tofauti ni hii: kila fungu la pembeni linapopita chini na kuwa la kati, chota nywele kidogo zilizo chini yake kichwani na uziunganishe nalo. Vidole vikae karibu na ngozi, na uchote kiasi kile kile kila mara. Ukifika kisogoni, malizia kwa msuko wa kawaida.

Ukiona tuta limezama badala ya kuinuka, umepitisha mafungu juu badala ya chini.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani kwamba msuko nadhifu ni ule uliokazwa. Unadhifu hutokana na njia zilizonyooka na mafungu yaliyo sawa. Ziache zile nywele fupi laini za ukingoni, hazihitaji kusukwa. Ukimaliza, mwambie mtoto ainue nyusi na kuinamisha kichwa. Akihisi ngozi inavutwa, au ukiona vipele vidogo kwenye ukingo, fungua hapo hapo. Usimpe dawa ya maumivu ili avumilie usiku.

Kwa sasa achana na nywele bandia. Uzito wake huongeza mvuto, na maji yanayochemka ya kuchovya ncha zake yanaweza kumchoma mtoto mgongoni.

Vitana na mashilingi

Mashilingi ya kichwani huletwa na kuvu, na huenezwa kwa vitana, kofia na mito inayotumiwa na watu wengi. Kila mtoto awe na kitana chake. Kama kimetumiwa na mwingine, kisugue kwa maji moto na sabuni. Mtoto mwenye mabaka ya magamba yenye nywele zilizokatika apelekwe kliniki. Mafuta ya kupaka pekee hayatoshi, kwa kuwa kuvu huwa imeingia ndani ya unywele. Huhitajika dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa.

Wakati wa kufungua

Msuko wa mtoto usikae sana. Wiki mbili zatosha. Ukifungua, utaona nywele nyingi zilizong'oka, lakini usishtuke. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na zile za siku zote hizo zilikuwa zimenaswa ndani ya msuko. La kukutia wasiwasi ni ukingo unaorudi nyuma au sehemu iliyobaki wazi. Hapo pumzisha kichwa kwa wiki kadhaa bila msuko wowote, na umwone daktari wa ngozi mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na Jumapili ijayo mwanao akisema anaumia, msikilize. Legeza mkono, kisha uendelee.