MJUMBE HAUAWI: DAMU YA SEMULIKI YADAI HAKI

Wazee wetu walisema, mjumbe hauawi. Hawakusema hivyo kwa kuwa mjumbe ni mtu bora kuliko wengine, bali kwa kuwa amwuaye mjumbe huifunga njia ya kila atakayetumwa baada yake. Askari wa kulinda amani ni mjumbe wa mataifa. Huenda katika nchi isiyo yake, kwa ajili ya ugomvi usio wake, ili mama asiyemjua apate kulala usiku mmoja pamoja na wanawe bila ya hofu.

Jioni ya tarehe 7 Desemba, 2017, kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, katika wilaya ya Beni, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa. Mapigano yalidumu saa nyingi. Askari 15 wa Tanzania waliuawa, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Majeneza yakarudi nyumbani yamefunikwa bendera. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana António Guterres, alisema kwamba hilo lilikuwa shambulio baya kuliko yote yaliyowapata askari wa amani katika miaka ya karibuni. Alisema kuwa kitendo kile ni jinai ya vita, akaitaka Serikali ya Kongo iwapeleke wauaji mbele ya sheria upesi.

Upesi! Neno hilo ndilo tunalolishika leo. Miaka imepita tangu litamkwe, na mzazi aliyelia siku ile anastahili kumwona mwuaji wa mwanawe akisimama kizimbani.

Wapo watakaotuambia kwamba askari ajiungapo na jeshi hukubali kufa, na kwamba kifo cha vitani hakina kesi. Twawajibu, la hasha! Askari hukubali hatari. Hakubali kuuawa kwa jinai kisha jinai hiyo isahauliwe. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na ambao Kongo yenyewe imeuridhia, wasema wazi kwamba kuwashambulia kwa kusudi watu wa kulinda amani ni jinai ya vita, maadamu wanastahili hifadhi wapewayo raia. Twajua ya kuwa Brigedi ambayo vijana wa Tanzania walikuwamo ilipewa na Baraza la Usalama, mwaka 2013, ruhusa ya kuwaendea waasi kwa silaha, na wakili wa mshitakiwa atalishika sana jambo hilo. Na alishike! Mahali pa kulibishania ni mahakamani, mbele ya hakimu na mashahidi. Haifai hoja ambayo haijasikilizwa igeuzwe kuwa msamaha wa kimyakimya.

Wengine watasema kwamba msitu wa Beni ni mkubwa, wauaji hawajulikani, na siku zimekwisha kupita. Hao nao twawakumbusha habari ya At Tiri, kusini ya Lebanon. Tarehe 18 Aprili, 1980, askari wawili wa Ireland waliokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa walitekwa wakauawa. Mwenzao wa tatu alijeruhiwa, akapona, akabaki kuwa shahidi. Mtu aliyeshutumiwa alikwenda kuishi Marekani miaka mingi kama raia wa kawaida. Lakini jamaa za marehemu hawakuchoka, wala askari wenzao hawakunyamaza. Mwaka 2015 mtu huyo alirudishwa Lebanon, na Desemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Beirut ikamtia hatiani. Kifungo cha maisha kikapunguzwa kuwa miaka 15 kwa sababu ya uzee wake. Miaka 40 ilipita, na haki ilikuja ikichechemea; lakini ilikuja.

Tena Umoja wa Mataifa wenyewe wajua kutochoka. Katibu Mkuu wake, Dag Hammarskjöld, alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwezi Septemba 1961, akiwa safarini kutafuta amani ya Kongo hiyo hiyo. Zaidi ya nusu karne baadaye uchunguzi wa kifo chake ulifunguliwa tena, na aliyepewa kuuongoza ni Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman. Twasifu jambo hilo. Lakini twauliza: ikiwa kifo cha mkubwa hakizeeki, kwa nini kifo cha mdogo kizeeke? Nishani wanayopewa askari wa amani waliokufa kazini hubeba jina la Hammarskjöld. Yafaa ibebe pia haki aliyopewa yeye, ya kutafutiwa kweli mpaka mwisho.

Wala deni hili si la wauaji peke yao. Tume iliyoongozwa na Bwana Dmitry Titov iliona, mwaka 2018, kwamba dalili zote zilielekea kwa waasi wa ADF. Lakini iliona pia kwamba hapakuwa na mpango wa kufaa wa kuwapelekea askari wale msaada wala wa kuwatoa, na kwamba uongozi, ndege na habari za upelelezi vilikuwa na upungufu. Anayemtuma mjumbe bila ya kumwandalia njia ya kurudi naye ana swali la kujibu.

Mwaka 2021 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2589, likizitaka nchi zinazopokea askari wa amani ziwachunguze, ziwakamate na kuwashitaki wanaowaua. Maneno ni mazuri, sasa yatendwe. Ushahidi wa Semuliki uhifadhiwe, mashahidi waandikwe wangali hai, na kila jamaa ya marehemu iarifiwe kesi imefika wapi, bila ya kulazimika kupiga hodi ofisi hata ofisi. Serikali ya Tanzania, iliyowatuma vijana hao, ina haki ya kuuliza, na isione haya kuuliza kila mwaka.

Bendera hufunika jeneza, haifuniki deni. Na dawa ya deni ni kulipa.