Kuku wa Mkataba: Tuhesabu Kabla ya Kutia Saini

Kilimo cha mkataba si kigeni kwetu Njombe. Wakulima wadogo wa chai wameuza majani mabichi viwandani kwa miaka mingi. Ila mchai ni mali ya mkulima, ilhali kuku wa mkataba kwa kawaida hubaki mali ya kampuni. Kampuni huleta vifaranga, chakula na chanjo. Mfugaji hutoa banda, maji, maranda, joto na nguvu zake. Baada ya wiki 5 au 6 kuku huchukuliwa, naye hulipwa ujira kwa kilo.

Manufaa yapo. Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama za kuku wa nyama, na familia nyingi haziwezi kukinunua kwa mkupuo. Aidha, bei ya soko ikianguka, hasara haimwangukii mfugaji moja kwa moja.

Mzigo uliobaki mabegani mwake, hata hivyo, si mwepesi. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la takriban nyuzi 32, na usiku wa Juni na Julai hapa kwetu hushuka chini ya nyuzi 10. Mkaa ni wa mfugaji. Ujira uliokadiriwa kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam huweza kuteketea wote jikoni.

Kisha kuna siku za banda tupu. Kundi la siku 42, pamoja na siku 14 za usafi, huwezesha makundi 6 kwa mwaka. Vifaranga wakichelewa wiki 3 zaidi kila mara, hubaki makundi 4. Ujira umepungua kwa theluthi; marejesho ya mkopo wa banda hayakupungua hata shilingi.

Katika fiqhi, anayetunza mali ya mwenzake kwa malipo sharti ujira wake ujulikane. Nayo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi mume na mke wakae, waulize: Idadi ya makundi kwa mwaka imeandikwa? Vifaranga wakifika wagonjwa, hasara ni ya nani? Kuku watapimwa bandani, au baada ya safari ya kutoka Makambako, wakiwa wamepungua uzito? Mbolea, inayotafutwa na wakulima wa viazi, ni ya nani?

Majibu yasipopatikana kwa maandishi, tusiweke shamba rehani kwa ajili ya banda.