Jina Moja, Mashine Mbili

Tuseme shule moja huko Kifungilo, wilayani Lushoto, ina kompyuta kumi zinazotumia ghala moja la majalada. Fundi aliitayarisha ya kwanza, kisha akainakili diski yake katika zote, jina likiwamo.

Kwa kanuni za NFS toleo la 4, zilizotangazwa mwaka 2000, ghala humtambua kila mteja kwa jina lake, pamoja na alama inayobadilika kila mashine iwashwapo. Jina lile lile likija na alama mpya, ghala huamua kwamba mteja alizimika na kuwaka upya, nalo hufuta kufuli zake za awali. Kumbe hakuna aliyezimika! Mwanafunzi wa pili awashapo mashine, wa kwanza hupokonywa kufuli ya jalada analoliandika, na kazi yake yaweza kuandikiwa juu.

Kubadili jina kila mara si dawa: kufuli za jina la zamani husalia hadi muda wake uishe, kwa kawaida sekunde 90 katika Linux. Anwani ya mtandao nayo hugawiwa upya. Ni sawa na kumtambua abiria kwa kiti alichokalia.

Yafaa kila mashine ijitungie namba ya nasibu ya biti 128 iwashwapo mara ya kwanza, na kuihifadhi. Fundi anakilipo diski, aifute kwanza namba hiyo katika nakala.