Bastola ya fataki: ipi ya kununua kwa pesa kidogo?

Katika Bunagana, mji wa mpakani wa Rutshuru uliotekwa na M23 tarehe 13 Juni 2022, mtu akitaja bunduki hakuna anayefikiria mchezo. Kwa ndugu zetu waliohamia Ulaya mambo ni tofauti. Huko bado kuna klabu ambazo watu hushindilia baruti kwenye mdomo wa mtutu na kupiga shabaha za karatasi.

Kiswahili kinaijua silaha hiyo tangu zamani. Gumegume hutoa cheche kwa jiwe, fataki ni kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, na mdeki ni fimbo ya kushindilia. Magobori ya namna hiyo yalifika Kongo ya mashariki na misafara ya karne ya 19. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika ya kati, ukaruhusu gumegume na baruti ya kawaida.

Uingereza, baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka 1996, sheria za 1997 ziliondoa karibu bastola zote mikononi mwa raia. Za kushindilia zilibaki, kwa kibali cha polisi. Lakini kibali cha huko hakivuki mpaka. Mwenye bastola hiyo asije nayo likizo, maana kwenye kizuizi cha barabara ya Rutshuru hakuna atakayesikiliza maelezo ya mashindano.

Basi anunue ipi? Kinachovutia macho kwanza ni rivolva yenye fremu ya shaba ya manjano: inang'aa, na bei iko chini. Aiache. Shaba ni laini, na baruti ikizidi fremu hulegea. Ya chuma hugharimu zaidi lakini hudumu. Kama ni lazima iwe rivolva, nakala ya Remington ya 1858 inafaa kwa shabaha kuliko ya Colt ya 1851. Remington ina pao la chuma juu ya silinda, na alama ya kulengea imetulia hapo. Ya Colt imechongwa kwenye nyundo, ambayo husogea. Tena vipande vya fataki iliyopasuka hupenda kuingia kwenye mitambo ya Colt, silinda ikagoma kuzunguka.

Anayeanza achukue bastola ya risasi moja. Haina silinda ya kukwama, na haraka haihitajiki: katika mashindano ya kimataifa ya MLAIC mpigaji hupewa dakika 30 kwa risasi 13, na kumi bora ndizo huhesabiwa. Za Pedersoli ya Italia husifiwa sana, ila mfuko huumia. Ardesa ya Uhispania kwa kawaida ni nafuu.

Iliyotumika pia yafaa, mradi amulike tochi ndani ya mtutu. Mabaki ya baruti nyeusi hula chuma, na mtutu wenye mashimo ya kutu hauna dawa. Chuchu inayovalishwa fataki ikichakaa si tatizo, hubadilishwa kwa pesa kidogo. Nyundo ikivutwa nusu lazima ishike hata kifyatulio kikibonyezwa; isiposhika, arudishe mezani. Baruti ya risasi za kisasa isiingie kamwe, kwani inaweza kupasua mtutu mkononi. Jioni ile ile bastola ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe, ipakwe mafuta.